Mbao za Muthoka, Simiti ya Mama Mwongeli

Bwana Muthoka Kaleli, fundi mkuu wa mbao hapa yadi ya Ruiru, anastaafu tarehe 30 Juni 1958 baada ya miaka ishirini na saba ya kazi. Siku hiyo hiyo anatoka katika nyumba ya kampuni, na kwenye shamba lake upande wa Yatta hakuna hata msingi. Yeye alitaka nyumba ya mbao, mkewe, Mama Mwongeli, akataka ya simiti. Wamebishana tangu Pasaka.

Nimepewa mimi kuandika kwa sababu katika yadi hii hakuna aliyetembea kunishinda. Wakati wa vita nililala Burma, katika nyumba za mbao zilizomzidi babu yangu umri. Seilani nimefika. Tena mfungwa mmoja Mtaliano, niliyemlinda mwenyewe, alinihakikishia kwamba kwao zege ilianza zamani za Pilato. Kwa hiyo ubishi huu naujua kidunia.

Muthoka aliingia 1931 akinyoosha misumari iliyopinda. Kisha akawa bingwa wa kuunda maboksi ya mbao ambamo zege humwagwa. Zege ikishika, mbao zinabanduliwa na watu wanasifu ukuta. Amefanya kazi katika nyumba zaidi ya mia kutoka Ruiru hadi Thika, na hakuna ubao wake unaoonekana hata mmoja.

Mwaka 1954 msimamizi mwenye haraka aliamuru nguzo zilizoshikilia dari la zege ziondolewe siku ya nne, na mvua ilikuwa imenyesha siku zote nne. Muthoka akachukua kigoda, akaketi chini ya dari na kula githeri yake. "Ondoeni," akasema, "lakini mimi nipo hapa." Akaambiwa kazi hana. Akaendelea kutafuna. Kesho yake alileta donge la mchanganyiko ule ule, akalivunja kwa vidole mbele ya msimamizi. Nguzo zikakaa wiki tatu, naye akabaki kazini. Waliotumwa kuzivuta tulikuwa mwenzangu Gachanja na mimi, na dari lingetuangukia sisi, kwa hiyo mkono huu unaoandika ni wa Muthoka kidogo.

Juzi, alipoulizwa anataka zawadi gani, alikataa saa ya ukutani, akaomba mbao zetu kuukuu. Mama Mwongeli alikuja yadini amewaka. "Mchwa walikula nyumba yangu ya kwanza pamoja na kitanda. Unataka wanimalize mimi?"

"Mama, tulia," Muthoka akamjibu. "Hizi ni za kumwagia simiti yako."

Mama akamruhusu baraza ya mbao, mradi kitanda kisifike huko.

Asante, mzee wetu, kwa kila ukuta uliosimama. Tunakuombea afya na miaka mingi ya kukaa barazani. Lakini koleo usiguse: Jumamosi zote za Juni tunakuja watu thelathini na wawili, na zege tutachanganya sisi.