Kijembe Kilichomtoa Dada Wodini

Kijiwe chetu kipo ng'ambo ya geti la hospitali: benchi mbili za mbao, na birika langu la kahawa katikati. Asubuhi hiyo Soli, mshona viatu, hakugusa sindano. Dada yake mkubwa alikuwa apasuliwe uvimbe wa shingo saa nne. Saa mbili tukamwona anatoka na nguo zake, akatupita bila salamu, akaenda zake nyumbani. Soli alimfuata, akarudi amefura.

— Nesi kamwambia, "Daktari atakupitishia kijembe hapa." Dada akamjibu, "Vijembe vya mawifi vinanitosha." Akashuka kitandani. Jamani, mgonjwa huambiwa hivyo?

— Nesi kakosa nini? — akauliza Kamusi, mwalimu mstaafu. — Kijembe ni kisu cha kupasulia. Maneno ya kuchoma ndiyo yaliyoazima jina kwa kisu.

— Na kisu kikaazima kwa nani?

— Kwa jembe. Jembe dogo, kijembe.

— Kwa hiyo dada yangu shamba?

Kipara, kinyozi, akaweka kikombe chini.

— Usimsikilize huyu. Kijembe ni mali yetu vinyozi. Sisi ndio tuliokuwa tukichanja watu. Madaktari wametupora kazi, wakabeba na jina. Wahenga walisema, vyaelea vimeundwa.

— Hiyo inaingiaje hapa? — akauliza Soli.

— Itaingia tu.

— Daktari wa kwanza alikuwa mkulima — Kamusi akaendelea, sauti imepanda. — Mkewe alichomwa na mwiba, yeye akauchimbua kwa ncha ya jembe. Ndiyo asili yake.

— Ulikuwepo? — akauliza Kipara.

— Sarufi ilikuwepo.

— Mnanichezea — akasema Soli. — Mtu anakwenda kukatwa shingo, wanamtajia jembe. Naenda kwa mganga mkuu. Hilo jina walifute leo hii. Wakiite hata kalamu.

— Ukikiita kalamu — akasema Kipara — hakuna mtoto atakayekwenda shule.

Mama mmoja alikuwa amesimama pembeni na ndara iliyokatika gidamu, anangoja fundi amtazame.

— Samahani, kaka. Dada yako hakujua kwamba kisu hicho huitwa kijembe?

— Ajue mara ngapi? Kafagia chumba cha upasuaji miaka kumi na moja.

— Basi hakukimbia jina. Anaogopa nini?

Mimi nikammiminia Soli kahawa.

— Sikumuuliza — akasema Soli.

Akavua aproni, akaondoka mbio kuelekea nyumbani, akamwacha mteja na ndara mkononi.

Saa nne kasorobo tuliwaona wakirudi. Dada alikuwa amemshika mdogo wake mkono, kwa nguvu. Soli hakututazama. "Usiondoke mpaka nizinduke," dada akamwambia, wakaingia getini.