Nani Ataita Majina

Jambo la mwisho la kawaida kutokea nyumbani kwetu lilikuwa swali. Jumanne asubuhi, tarehe tisa Februari 1999, mke wangu alisimama mlangoni na ndoo ya maziwa akaniuliza kama ile kamera ya kompyuta inaona miguu. Nilimwambia inaona kuanzia kifuani kwenda juu. Akasema basi hana haja ya viatu vipya, akashuka zizini. Kabla ya saa nne alikuwa amefariki. Daktari aliandika shinikizo la damu. Tulimzika Jumamosi ya tarehe ishirini. Ijumaa iliyofuata nilichuma majani, kwa sababu chai haingoji matanga yaishe, nikayapeleka kwenye banda la kununulia majani hapa Kiptere na kuketi kwenye benchi pamoja na wenzangu. Lori la kiwanda lilikuwa limechelewa. Moureen, anayeuza chai pale, alinimiminia kikombe bila kuniuliza.

Benchi hilo lina wenyewe. Mzee Bethwel tunamwita Setilaiti, maana redio yake haizimwi na habari zote za dunia huzipata yeye kwanza. Joab Bogonko, aliyehamia hapa kutoka Kisii miaka ishirini iliyopita, ni Kamati; hajawahi kuketi penye watu watatu asipendekeze mwenyekiti. Kipngetich, fundi wa mashine ya kusaga mahindi, ni Gasket. Mimi, mwalimu wa zamani, ni Digrii.

Wote walijua habari yenyewe. Mwanangu Kipkurui yuko Marekani kwa masomo, na tarehe mosi Februari mkewe alijifungua msichana, mjukuu wetu wa kwanza. Kwetu mtoto huitiwa majina ya waliotangulia, na wanaoita ni wanawake wa upande wa baba. Jina likitajwa na mtoto akapiga chafya, huyo ndiye aliyerudi, nalo huwa jina lake. Mke wangu ndiye angeita. Vinny, mwenye ofisi ya kompyuta mjini Kericho, alikuwa ametupangia tuonane na Kipkurui kwenye kioo cha kompyuta Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa tatu asubuhi. Huko ni saa sita usiku, lakini Kipkurui hupiga deki maabara ya kompyuta ya chuo chake, na ni usiku huo mmoja tu wa mwezi anaoachiwa funguo. Miadi ilikuwa kesho.

— Digrii, kesho unaenda ama huendi? — Setilaiti aliuliza. Alikuwa anatazama barabara.

— Nimefikiria kumwambia Vinny afute.

— Ukifuta, mpaka lini?

— Mwisho wa Machi.

— Mtoto akae hivyo hivyo mpaka Machi?

— Ana jina. Anaitwa Nelvine.

— Hiyo ni ya karatasi — alisema Setilaiti. — Hata ng'ombe wa maonyesho ako na ya karatasi.

— Sasa aende afanye nini? — Gasket alimkatiza. — Mwanaume haiti majina. Ataketi hapo aangaliwe tu kama picha ya pasipoti.

— Wazee, tufuate utaratibu — alisema Kamati. — Hatuwezi kupitisha kitu hatujaelewa. Digrii, wewe uliona hiyo mashine. Tuelezee inafanya kazi aje.

Niliwaeleza. Mwisho wa Januari, kabla mtoto hajazaliwa, mimi na mke wangu tulikwenda kujaribu. Kamera ni kitu cha ukubwa wa yai, kinakaa juu ya kompyuta. Mashine ya Vinny hupiga simu Nairobi kwanza, inalia kama paka aliyebanwa na mlango, kisha inanyamaza. Halafu uso wa Kipkurui ulitokea kwenye kisanduku kidogo kama kadi ya mchezo. Haukusogea kama wa mtu. Ulikaa mahali pamoja, kisha ukawa mahali pengine. Vinny alitufundisha tusiketi na dirisha mgongoni, maana uso huwa giza tupu, tusitikise mikono, na tuongee kwa zamu, kwa kuwa sauti na picha huchukua kama sekunde sita kufika.

— Kuongea kwa zamu — alisema Kamati. — Huyo Vinny hajakutana na familia yako.

— Rudi kwa sekunde — alisema Gasket. Aliweka kikombe chini. — Sita, si ndiyo? Sasa sikiza. Mtu anaita jina la kwanza. Kimya. Anaita la pili. Anaita la tatu. Hapo ndio chafya inafika. Hiyo chafya ni ya nani?

— Ya wa tatu — alisema Setilaiti.

— Ya wa kwanza, mzee. Ilichelewa njiani. Mtapea mtoto nyanya ambaye si wake.

— Haraka haraka haina baraka.

— Hiyo methali inaingia wapi hapa?

— Inaingia kwa chafya.

— Napendekeza katibu — alisema Kamati. — Mtu mwenye saa ya mkono. Jina likiitwa, anahesabu sita za kwenda, sita za kurudi. Kumi na mbili. Anaandika. Mtoto akichafya, tunafungua kumbukumbu za kikao, tunaona ilikuwa zamu ya nani.

— Na kama ako na homa tu? — Gasket aliuliza.

— Kama ako na homa, tunaahirisha.

Moureen alisema mtoto wake wa pili alichafya kabla hata jina halijaitwa, na mpaka leo ni mtu wa haraka.

— Nyinyi mnahesabu dakika na shida si dakika — alisema Setilaiti. — Shida ni hao waliokufa. Wanapita wapi? Hii picha inapanda mpaka huko juu, halafu inateremka Marekani. Sasa nyanya yangu mimi aliogopa kupanda trakta. Huko juu ataenda aje?

— Roho haitaki trakta — alisema Kamati.

— Inataka njia. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

— Tezi ni nini?

— Hata mwalimu hakutuambia. Tulikariri tu.

— Hata wakipata njia — alisema Gasket — ni nani atawafungulia? Kipkurui mwenyewe alitafuta visa miaka miwili. Mtu aliyekufa kabla ya vita ya kwanza ataonyesha nini pale mlangoni? Hana hata kipande cha utambulisho.

— Apewe barua ya chifu — alisema Kamati.

— Chifu gani?

— Yule wa siku zake. Si naye amekufa? Wako pamoja huko.

Nilicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, na nilipokisikia nilikikatiza. Wenzangu walitazama vikombe vyao ili nisione kwamba wamefurahi.

Nadhani ndiyo maana Setilaiti aliongezea.

— Mimi naona hivi — alisema. — Mama Kipkurui alishafika huko. Huyo mama hakuwahi kuchelewa mahali. Kanisani ni wa kwanza, kwa matanga ni wa kwanza, hapa kwa mizani tulikuwa tunamkuta. Aliona hizo sekunde sita ni nyingi, akaamua kwenda mwenyewe.

Redio iliendelea kusoma bei za mahindi. Setilaiti aliizima, na sikumbuki kumwona akifanya hivyo siku nyingine.

— Umeharibu chai, mzee — Gasket alisema polepole.

— Nimesema vibaya?

— Hukusema vibaya — nilimwambia.

Lori lilitokea kwenye kona. Karani tuliyemzoea alikuwa amehamishwa. Badala yake alishuka mwanamke wa miaka kama thelathini, akatundika mizani, akatusalimu mmoja mmoja na kusema anaitwa Drusilla, kwao ni Nyamira. Kamati alifurahi kupata mtu wa kwao, akamwamkia kwa Kikisii, kisha akaona ni vyema kumpa muhtasari wa kikao. Alimweleza yote: kifo, mtoto, kamera, chafya, sekunde kumi na mbili, na pendekezo lake la katibu. Drusilla alisikiliza huku akipima gunia langu. Aliandika uzito kwenye kitabu.

— Pole sana, baba — alisema. — Na mama alikuwa aite majina gani?

— Ya wazee wao — Setilaiti alimjibu haraka.

— Ndiyo. Wanaitwa nani?

Setilaiti alinigeukia. Kamati alisema hilo si la watu wake. Gasket alisema wanawake ndio hujua mambo hayo, halafu akaona alichosema, akainama kutafuta kitu chini ya benchi ambacho hakikuwepo.

Mimi nilisomea sayansi ya mimea. Nikiona jani la chai nakutajia ni la mche gani na ulizalishwa kituo gani. Babu zangu nawajua watano, mmoja baada ya mwingine, kama kila mwanaume wa hapa. Lakini mama wa baba yangu nilimwita Kogo, yaani nyanya, mpaka siku alipokufa, na mama yake yeye sikuwahi kumsikia akitajwa. Mke wangu aliwajua. Alifundishwa na mama yangu, jikoni, miaka ya kwanza ya ndoa yetu, nami nikiwa chumba cha pili nasahihisha mitihani. Miaka ishirini na minane nililala kando ya mtu aliyeyabeba majina ya watu wangu, na sikumwuliza hata moja.

— Sijui — nilimwambia Drusilla.

Hakuwa ameuliza kwa ubaya. Aliitikia kwa kichwa.

— Kilo kumi na nane, baba — alisema, na kuvuta gunia la aliyefuata.

Hakuna aliyekaa tena. Tulisimama mpaka magunia yote yakapandishwa, Kamati akasema kikao kimefungwa bila maafikiano, tukaachana.

Asubuhi yake nilitoka kabla ya jua, nikaenda Sigowet kwa Chepkosgei, ninayemwita Senge, yaani shangazi, dada pekee wa baba yangu aliye hai. Nilikuwa sijafika kwake kwa miaka mitatu. Nilimkuta akipuliza moto. Nilimweleza kila kitu kwa mpangilio, kamera, Vinny, sekunde sita. Aliuliza jambo moja tu, kama mtoto atakuwa macho. Nikasema mama yake, Chemutai, ameahidi kumwamsha.

— Na mwenzako alikuwa amejifunza yote?

— Yote.

— Najua. Mama yako aliniambia.

Akaanza kuyataja, bila haraka, kila moja na habari yake: huyu alifinyanga vyungu, huyu alikufa mwaka wa nzige, huyu aliolewa kutoka ng'ambo ya mto na hakurudi kwao tena. Niliyarudia baada yake. Yalikuwa kumi na moja. Kisha akanitazama.

— La kumi na mbili taja wewe. Alizaa kwetu, ni wa kwetu.

Tangu tulipomzika watu wote walisema marehemu, au Mama Kipkurui, na mimi nilisema kama wao. Jina lake sikuwa nimelitaja.

— Chepngeno — nilisema.

— Tena.

— Chepngeno.

Senge alifunika moto kwa majivu, akajifunga leso, akafunga mlango. Nilimshika mkono, tukashuka barabarani kutafuta gari la Kericho.