Mnara wa Ng'ambo

Ndani ya basi la kwenda mjini Chios, kisiwa cha Ugiriki kinachotazamana na Uturuki, mzee aliyeketi mbele yangu alimwonyesha simu yake mama mmoja mwenye kikapu cha machenza.

"Hii imeniaibisha," alisema. "Mimi Isidoros, mpiga kengele wa kanisa miaka thelathini! Jumapili asubuhi iliniambia ni saa moja, nikapiga. Kijiji kizima kikaja na makoti juu ya nguo za kulalia. Kumbe saa kumi na mbili! Simu ilishika mnara wa Uturuki, ikafuata saa ya kule, iliyo mbele ya yetu."

Mama alicheka mpaka chenza moja likaanguka. "Pole, kaka. Padri alisemaje?"

"Nikikosea tena, atanunua kengele ya umeme, nami nikae nyumbani."

"Basi nunua simu ya vitufe, uweke saa mwenyewe."

"Na picha za mjukuu nitazionea wapi? Ndiyo naenda mjini kuhamia kampuni ya simu yenye mnara pale kilimani kwetu."

"Mwanangu yuko na hiyo hiyo. Akiwa jikoni yuko Ugiriki, akitoka barazani yuko Uturuki."

"Basi kengele nitaipigia jikoni!"

Tulicheka basi zima. Mimi nilimwombea kimoyomoyo kengele ya umeme isije kamwe.

Basi liliposimama, kengele ya kanisa la mjini ilikuwa inalia, kwa wakati wake kabisa. Isidoros alisikiliza, kisha akashuka mbio. Hakuelekea duka la simu. Alielekea kanisani.

"Namwuliza mpiga kengele huyu simu yake inatumia laini gani!" alitupazia sauti.