Doña Rubiela na Kikombe cha Mwenye Shamba

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, Doña Rubiela Marulanda anavua aproni yake baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuonja kahawa iliyotolewa kafeini katika kiwanda chetu hapa Manizales. Tungependa kuandika kwamba hatuna wasiwasi. Tungekuwa tunadanganya.

Alipokabidhiwa meza ya kuonja, kiwanda kilikuwa kikipokea kahawa ya msimu uliopita, iliyokwisha kupoteza ladha. Ilisemekana kwamba wanaokunywa kahawa isiyo na kafeini ni wagonjwa na wazee, hawatajua tofauti. Doña Rubiela aliwauliza wanunuzi wetu tangu lini ugonjwa wa moyo ukakata ulimi. Ubishi ule ulichukua miaka, lakini leo tunanunua kahawa ya msimu huu, ya miteremko ya Aguadas, na kuichagua punje kwa punje kabla haijaguswa na mvuke.

Mvuke ndio uliomnyima usingizi. Mvuke huifungua punje, kisha punje huoshwa tena na tena kwa kiyeyusho kinachotokana na molasi ya miwa yetu wenyewe, kinachoondoka na kafeini. Mvuke ukipungua, kafeini inabaki. Ukizidi, unabaki na maji ya maharage. Aliwapitia watu wa boila kila asubuhi, chupa ya aguapanela, maji ya sukari guru, mkononi, nao wakamwita Mama Mkwe. Aliwahi pia kumrudisha meneja mpya nyumbani akaoge, kwa kuwa aliingia chumba cha kuonjea akinukia marashi.

Lakini jambo kubwa alilotuachia ni kikombe cha mwenye shamba. Mkulima huitwa, huwekewa vikombe vitano vya kahawa iliyokwisha kutolewa kafeini, na kimoja ni chake. Akikitambua, gunia linabeba jina la shamba lake. Akikikosa, linaondoka bila jina.

Tulipomwonyesha rasimu ya wasifu huu, aliuliza kwa nini tumeruka mwezi wa Mei. Basi tunauandika.

Mwezi huo Don Evelio Buriticá, mkulima aliyetuuzia kahawa kwa miaka mingi, alituletea kwa mara ya kwanza mavuno yake yote. Boila ilikuwa ikisumbua, na Doña Rubiela akaamua kurefusha mvuke kwa nusu ya kwanza ya mzigo. Don Evelio alionja, akarudia, akavua kofia, akarudia tena. Akagusa kikombe cha tatu. Chake kilikuwa cha tano.

Mtu mmoja alinong'ona kwamba mzee ana mafua, apewe nafasi nyingine. Don Evelio akainamisha kichwa.

"Nimezeeka, Doña. Kahawa yangu mwenyewe inanipita."

"Haikukupita, Evelio. Haimo humo. Nimeiua mimi kwa mvuke."

"Afadhali," akasema mzee, akivaa kofia. "Nilidhani ni ulimi. Sasa hiyo nusu nyingine, Mama Mkwe, usiipike kama supu."

Magunia yale yaliondoka bila jina. Tangu siku hiyo Doña Rubiela amekuwa akishinda na watu wa boila, na juma hili nusu ya pili imetoka kwenye vikaushio. Don Evelio ataionja Jumatatu, tarehe mosi Julai. Tulimsihi Doña Rubiela aje. Amekataa: mkono wake ukiwa mezani, asema, sisi tutautazama mkono huo badala ya kuonja. Funguo za chumba cha kuonjea alitukabidhi jana, sisi wa maabara.

Doña Rubiela, asante kwa kutufundisha kuogopa mahali panapostahili. Tunakutakia afya, asubuhi zisizo na king'ora cha boila, na wajukuu wanaokula arepa zako za mahindi bila kubakiza. Jumatatu tafadhali usitupigie simu. Tutakupigia sisi, vyovyote itakavyokuwa.