Santuri Moja Iliyobaki

Iondoe santuri hiyo kwenye mashine, Mahona mwanangu, usiichonge kwa maneno yangu, maana tupu imebaki hiyo moja tu, na wosia wa mzee hushikwa kwa masikio. Sikilizeni nyote.

Nyumba hii ya Bariadi ni yenu nyote, na ng'ombe walioko kwa mdogo wangu Mboje wasigawanywe kabla ya pamba kuvunwa. Mashine msiiuze kama chuma chakavu. Soko huria lilipoingia na chama cha ushirika kikauza mali zake, wenzangu walinunua magari na mizani. Mimi nikaleta mashine mbovu iliyokuwa ikichonga matangazo ya wakulima kwenye santuri. Mama yenu alicheka: "Baba Mahona, wenzio wamerudi na lori, wewe umerudi na mgonjwa!" Nikamwahidi kwamba ikipona, itaanza na sauti yake, na ule wimbo wake wa kupalilia. Sindano niliinoa, mota niliisuka upya, lakini sahani inayozungusha santuri ilikuwa ikiyumba, na sahani ikiyumba sauti hulewa. Nilipopata mkanda wa kuituliza, mama yenu Nyanjige tulikuwa tumeshamzika.

Wimbo ule sasa anaujua mtu mmoja, mama yenu mdogo Felisita, ambaye koo lake na la dada yake ni moja. Mnajua aliapa kutokanyaga uwanja huu kwa sababu nilimzika dada yake hapa, si kwao Shishiyu. Basi mpelekeeni mashine na santuri hiyo huko, auimbe, na kwa kuwa hakuna umeme, waombeni jenereta wale wanunuzi binafsi wa pamba. Lakini msitangulize mashine. Msalimieni, kaeni, kuleni atakachowapa, kisha mwambieni: "Shemeji yako anaomba, haamuru." Akikataa, rudini bila neno, santuri ibaki tupu. Akikubali, msimkatize, hata akilia katikati.

Generoza binti yangu, mayu, mama yangu, nishike mkono. Mimi nizikeni ubavuni mwa mama yenu. Pendaneni, ugomvi wa ndugu msiulaze ndani ya nyumba. Mungu awape mvua kwa wakati wake, na watoto watakaowazika ninyi.

Sasa... nyamazeni kidogo, wanangu. Nautafuta ule wimbo, unavyoanza... Alikuwa akianza chini, taratibu... Siupati.