Miti ya Kinya Inangoja Mchumaji

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mbunge wetu. Wazee, mapasta na shehe wetu. Majirani mlioacha kazi zenu: karibuni Laare. Mvua imekupisha, nasi tunakupa kiti.

SISI NI AKINA NANI
Sisi ni akina mama ishirini na wawili tunaofunga miraa kwa majani ya migomba. Kuchuma ni kazi ya wanaume. Mila ya hapa inasema mwanamke akikwea mti wa miraa, unakauka.

TULIPOFANIKIWA
Mwenzetu Kinya aliachiwa shamba la miraa na babake. Binamu zake wakapinga. Akaenda kortini miaka minne, akashinda! Tulicheza hadi kiatu chake kikakatika. Hukumu akaitundika sebuleni, akaita wachumaji. Hakuja hata mmoja; vijana walisema hawachumi shamba la mwanamke. Kosa ni letu: tulidhani hukumu inajua kukwea mti.

MATATIZO
Tulikuja ofisini kwako, mgeni rasmi. Chai ilikuwa tamu. Ukasema mambo ya mila ni mazito, tuyaachie mahakama. Tukarudi kortini, karani akacheka: "Mama, korti haiwezi kushurutisha kijana akwee mti. Ambieni mbunge wenu atunge sheria." Tumepigwa danadana mpaka nauli ikatuishia.

Hata sisi wenyewe hatuelewani. Sharifa, mke wa mwenye bucha, husema, "Haki ya mtu haipigiwi kura. Tungengojea Bunge, Kinya angezeeka." Njura humjibu, "Jaji alienda zake. Sisi ndio tumebaki na hawa vijana. Sheria ijadiliwe hapa sokoni, watu wataishika." Wote wanasema kweli, na chai hupoa.

Lakini miraa haingoji kikao kifungwe. Ya Kinya inakomaa kupita kiasi, na binamu zake hupita njiani wakisema shamba limemshinda, awaachie. Hilo linatuuma sana.

MAOMBI
Barabara tutaomba siku nyingine. Leo tunaomba ulete mswada, tena uujadili nasi hapa kabla haujafika Nairobi. Pia tunajua kwamba kabla ya suti ulikuwa mchumaji hodari. Basi kabla ya chakula, kwea mti mmoja tu wa Kinya, vijana wakuone.

Kinya ametuagiza tuongeze neno, na amekataa tulilainishe: usipokwea, Jumatatu asubuhi atakwea mwenyewe. Mti ukikauka, ni wake. Kwa hilo Sharifa na Njura wamekubaliana kwa mara ya kwanza. Sote tutakuwa chini, tukipokea.

Mungu akujalie afya, na miguu isiyotetemeka.

Ni sisi,
Kikundi cha Akina Mama Wafungaji Miraa, Laare.
Imesomwa na Celina, katibu.