Mafundo ya Sidi Randu

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Ijumaa iliyopita, kule Mambrui, tulimzika Sidi Randu. Jina lake wengi hamlijui. Leo mtalijua, mpende msipende.

Ilikuwa mwaka 1984. Bintiye, Kache, ana miaka minane. Hasemi. Kengele ya shule ikigongwa, huziba masikio na kukimbia. Siku hizi twaita usonji. Wakati ule watu walisema mama kavunja mwiko. Mwalimu mkuu, Nahashon, akamrudisha mtoto nyumbani. Mimi nilikuwa darasa moja naye. Nilicheka, na hadi leo naona haya.

Mwezi uleule shule ikaagiza kila mzazi alete makuti ishirini, darasa liezekwe kabla ya mvua. Sidi akashona yote ishirini. Akayabeba hadi langoni. Akayatua, akayakalia.

"Shikamoo mwalimu. Makuti yangu yaingie darasani, mwanangu abaki nje? Hayaingii!"

"Mama Kache, hapa hatuna mtu wa kumfundisha huyo."

"Mimi nipo. Mimi ndiye nimjuaye. Niulizeni!"

Siku tatu alikaa pale. Nasema siku tatu, na wingu limeshatanda. Siku ya nne Mwalimu Jedida, mgeni kutoka bara, akatoka darasani, akaketi naye juu ya makuti yale. Akamwuliza. Kesho yake makuti yakaingia darasani, na Kache akaingia.

Sidi hakujua kuandika. Basi kila asubuhi alimfunga Kache ukuti mkononi. Fundo moja, hali shwari. Mafundo mawili, hakulala, msimsukume. Jioni Jedida naye alifunga ukuti wake, Kache akarudi nao nyumbani. Na kabla ya kengele kugongwa, mwalimu alimpeleka uwanjani, mbali na kelele. Mwaka ulipokwisha, Kache alikuwa akikaa darasani hadi saa sita mchana. Wazazi wawili waliokuwa wamewaficha ndani watoto wao walio kama Kache wakawaleta shuleni.

Kakake Sidi, mzee Kitsao, aliniambia: "Dada hakutaka kuhurumiwa. Alitaka kuulizwa."

Kwa Kache, kwa mzee Kitsao na jamaa wote, poleni sana. Nawe mwalimu unayemfukuza mtoto leo, umemwuliza mamake? Nawe mzazi uliyerudishwa langoni, mbona umeondoka?

Pale kaburini alikuwapo Kache, mtu mzima sasa. Aliweka ukuti juu ya mchanga. Nikainama kutazama.

Fundo moja.